Mawe ya nyongo: Kwa mkazi wa Mbinga na Nyasa, umbali nao ni sehemu ya uamuzi

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

MAUMIVU huanza usiku, saa moja au mbili baada ya mlo, chini ya mbavu za kulia au katikati ya tumbo la juu. Huongezeka hadi mgonjwa akashindwa kulala wala kukaa, yakapenya mgongoni na kwenye bega la kulia, kisha baada ya saa mbili au tatu hutoweka kana kwamba hayakuwapo. Asubuhi mgonjwa yuko shambani kwenye kahawa au ufukweni akianika dagaa, na akiulizwa husema ni vidonda vya tumbo vimemwamkia.

Kwa baadhi ya wagonjwa hilo ni kweli. Kwa wengine, tatizo ni mawe yaliyojijenga ndani ya kifuko cha nyongo, na dawa za vidonda wanazonunua mwezi hadi mwezi haziwezi kuyagusa.

Kifuko hicho ni kidogo, kimejificha chini ya ini. Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, na kifuko huhifadhi sehemu ndogo yake ili kuimimina kwenye utumbo pale chakula chenye mafuta kinapofika. Nyongo inapozidiwa na lehemu, au kifuko kinapokuwa kizito kujikamua, chembe huganda na kuwa mawe. Mengine ni madogo kama punje ya mchanga, mengine ni makubwa kama yai la njiwa. Jiwe likiziba mlango wa kifuko wakati kinajikamua, ndipo maumivu huja. Likirudi nyuma, maumivu huisha.

Wanawake hupata mawe haya zaidi ya wanaume, hasa waliozaa mara kadhaa, na hatari huongezeka kwa umri, unene, kisukari na hata kwa kupungua uzito haraka mno. Lipo pia kundi ambalo mara nyingi husahaulika: wagonjwa wa selimundu. Kwa kuwa chembe zao nyekundu za damu huvunjika mapema, hupata mawe meusi yatokanayo na rangi ya damu, wakati mwingine wakiwa bado watoto. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, hivyo maumivu ya tumbo ya mtoto wa selimundu hayafai kuhesabiwa daima kuwa ni yale yale ya siku zote.

Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa Wazungu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kati ya miaka ya 1940 na 1960, aliuweka katika orodha ya magonjwa aliyoyaona kwa nadra kwa Waafrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Milo imebadilika tangu wakati huo, na kipimo cha ultrasaundi, ambacho hakikuwapo katika hospitali za enzi zake, kimeonyesha mawe kwa watu ambao zamani wangebaki na jina la vidonda tu. Hata hivyo mazoea hayafi upesi, na mgonjwa anaweza kumaliza dozi kadhaa za dawa za vidonda kabla ya mtu yeyote kumwambia alale kitandani apakwe mafuta ya kipimo.

Lugha nayo inachangia. Mtu akitapika maji ya njano au kuamka na uchungu kinywani, husema ana nyongo. Hiyo si dalili ya mawe. Dalili ya kuitilia maanani ni mpangilio wa maumivu: kidonda huunguza, mara nyingi kila siku, kikifuata njaa au chakula, mawe huja kwa shambulio la saa kadhaa, kisha mgonjwa hukaa siku au wiki akiwa mzima kabisa.

Si kila jiwe linapaswa kuondolewa

Hapa ndipo wagonjwa wengi hutishika bila sababu. Mtu aliyepimwa kwa jambo jingine, pengine ujauzito, akaambiwa ana mawe ilhali hajawahi kuumwa, kwa kawaida hahitaji upasuaji. Walio wengi wa aina hiyo huishi maisha yao yote bila kusumbuliwa.

Kwa aliyekwisha kupata mashambulio, ushauri wa kawaida wa madaktari wa upasuaji ni kuondoa kifuko chote, kwani kutoa mawe na kukiacha kifuko ni kusubiri mengine. Ndivyo alivyofikiri Carl Langenbuch wa Berlin, aliyefanya upasuaji wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1882. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1985, Erich Mühe, naye wa Ujerumani, aliufanya kwa kupitisha kamera na vifaa katika matundu madogo, njia ambayo sasa ndiyo inayotangulizwa duniani.

Hata hivyo ushauri huo umeanza kuulizwa maswali. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 uliwagawa wagonjwa 434 wenye maumivu lakini wasio na madhara mengine, nusu wakipangiwa upasuaji na nusu wakipewa dawa za maumivu na uangalizi. Baada ya miezi 18 viwango vya maumivu vya makundi hayo mawili havikutofautiana, na katika kundi la kusubiri ni robo tu waliokuwa wamefanyiwa upasuaji. Utafiti mwingine, wa Uholanzi, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kuwa mwaka mmoja baadaye takribani wagonjwa wanne kati ya kumi walikuwa bado wana maumivu ya tumbo, hata katika kundi lililopata matibabu ya kawaida. Maana yake ni kwamba jiwe linaweza kuonekana kwenye kipimo na lisiwe ndilo linalouma.

Msomaji wa Mbinga akisoma matokeo hayo anaweza kusema: basi nitasubiri. Lakini mgonjwa wa Uingereza anayesubiri ana gari la wagonjwa na chumba cha upasuaji karibu naye. Kusubiri kwake ni salama kwa sababu akizidiwa saa nane za usiku atafikishwa hospitalini kabla ya alfajiri. Mkazi wa kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa hana uhakika huo.

Ni kweli kwamba hali si ile ya zamani. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa takribani kilomita 66 na iliyokuwa ikiwalaza abiria njiani wakati wa masika, sasa ni ya lami, na kutoka Mbinga hadi Songea lami ilikwishafika kabla yake. Zipo hospitali za misheni zenye historia ndefu, Liuli ufukweni na Litembo katika milima ya Umatengo, ipo Peramiho, na ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea. Lakini kuna vijiji ambavyo safari bado huanza kwa mtumbwi au pikipiki, na ziwa likichafuka hakuna anayeondoka.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si moja tu la kama upasuaji unahitajika. Linalofuata ni hili: nikizidiwa nyumbani, nitafika wapi, kwa muda gani, na je, hapo wana daktari wa upasuaji? Aliye mbali, aliyepata mashambulio mara kwa mara, ana sababu nzito zaidi ya kupanga upasuaji mapema akiwa na nguvu zake, kuliko aliye jirani na hospitali na aliyeumwa mara moja tu.

Upasuaji wenyewe una gharama zake mwilini. Kwa matundu madogo, wengi hurejea kwenye kazi nyepesi ndani ya wiki moja au mbili. Kwa kupasua tumbo, ambayo bado ni njia halali na iliyookoa wengi pale vifaa vya kamera havipo, mgonjwa hukaa wiki nne hadi sita bila kuinua kitu kizito. Kwa mwanamke wa Kimatengo ambaye kwa desturi ndiye afukuaye udongo wa ngoro, hizo ni wiki za kuhesabiwa pamoja na msimu. Hatari inayoogopwa zaidi ni kujeruhiwa kwa mrija wa nyongo. Hutokea kwa wachache, chini ya mmoja kati ya 100, lakini matengenezo yake ni magumu. Si utovu wa adabu kumuuliza daktari amefanya upasuaji huo mara ngapi.

Yapo mambo yasiyosubiri mjadala. Maumivu yakizidi saa tano au sita, ikija homa na kutetemeka, macho yakigeuka manjano na mkojo kuwa kama chai ya rangi, au matapishi yasipokoma, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo. Huenda kifuko kimeoza, jiwe limeshuka kwenye mrija, au kongosho limevimba. Jiwe lililo kwenye mrija huweza kutolewa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani, huduma iliyopo katika hospitali kubwa chache kama Muhimbili, Dar es Salaam.

Shambulio la kawaida hutulizwa kwa kuacha kula na kwa dawa za jamii ya diklofenaki, ambazo hazimfai mwenye kidonda cha kweli, mwenye figo dhaifu wala mjamzito, hivyo zitolewe kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Kupunguza mafuta husaidia baadhi ya watu kupunguza mashambulio, lakini hakuyeyushi jiwe. Vidonge vya kuyeyusha vipo. Huhitaji miezi mingi, hufaa mawe madogo ya lehemu pekee, na mawe hurudi mara nyingi vikiachwa.

Kuhusu tiba ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau ili "kusafisha nyongo", madaktari wa New Zealand waliyachunguza mwaka 2005 yale madonge ya kijani aliyoyatoa mgonjwa mmoja chooni. Yalikuwa sabuni, iliyotengenezwa tumboni kwa mafuta yale yale aliyokunywa.

Aliyekwisha kuondolewa kifuko hula kama watu wengine, kwani ini linaendelea kumimina nyongo moja kwa moja kwenye utumbo. Baadhi huharisha kwa wiki chache wakila mafuta mengi, na ni vema waanze na dagaa wa kuchemsha kabla ya kurudia wa kukaanga.