Makubadhi mapya ya Matrah: Ngozi nzuri haitaki pupa

Kila Idd inapokaribia, soko la Matrah mjini Muscat hujaa wanunuzi wa viatu vya ngozi. Wengi wanajua kupatana bei. Ni wachache wanaojua namna ya kuuzoesha mguu kiatu kipya, na kutojua huko kunaweza kumgharimu mtu zaidi ya fedha zake.

Mtu anayeiacha barabara ya pwani ya Matrah na kuingia sokoni hupokewa kwanza na harufu ya ubani na udi. Akiendelea ndani hukutana na harufu ya ngozi. Soko hili huitwa pia Souq al-Dhalam, yaani soko la giza, kwa sababu vichochoro vyake vimeezekwa na jua halipenyi vizuri. Humo ndimo yanamopatikana majambia, kofia, shali na makubadhi, mavazi ambayo mwanamume wa Kiomani hukamilishia kanzu yake.

Wasomaji wetu wa Unguja, Mombasa na Lamu hawahitaji kuelezwa makubadhi ni kitu gani. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilihamia huku. Ndiyo maana si ajabu mpaka leo kusikia watu wakibishana bei kwa Kiswahili mbele ya duka la viatu.

Tulikwenda huko na mzee wetu mmoja, aliyetoka Unguja kuwatembelea wanawe. Alichagua jozi ya ngozi nene, yenye gidamu pana na soli ya kushonwa. "Hivi nitavizikia," alisema kwa mzaha. Siku ya Idd alivivaa tangu alfajiri mpaka usiku, nyumba hii na nyumba ile. Mzee ana kisukari. Hakusikia maumivu yoyote. Siku ya tatu mjukuu wake ndiye aliyeona doa la damu kwenye gidamu, na alipomwambia, "Babu, mguu wako una kidonda," mzee alidhani anataniwa. Kidonda kile kati ya vidole kilichukua wiki saba kufunga.

Kwa nini ngozi mpya huuma?

Ngozi mbichi huoza ikiachwa hivi hivi, kwa hiyo ni lazima idabaghiwe. Njia ya kale ni kutumia dawa inayotoka kwenye maganda ya miti. Miwati inayolimwa Njombe, Tanzania, na katika nyanda za juu za Kenya hupandwa kwa ajili hiyo. Ngozi ya namna hii huwa ngumu mwanzoni, lakini kadiri inavyovaliwa hufuata umbo la mguu wa mwenyewe. Njia ya pili, iliyoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, hutumia chumvi za kromiamu, na ngozi yake huwa laini tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kiatu kigumu si lazima kiwe kibaya. Kinachotakiwa ni kupewa muda.

Muda huo ni kiasi gani? Siku ya kwanza kivae nyumbani kwa saa moja tu, halafu kivue na uangalie mguu. Ukiona pekundu, pumzika mpaka paondoke. Kesho yake ongeza kidogo, na uendelee hivyo kwa wiki moja au mbili. Gidamu inayokwaruza ipakwe mafuta ya ngozi kwa ndani, kidogo sana, kisha ikunjwe-kunjwe kwa mikono. Kukiloweka kiatu ndani ya maji ili kilainike, kama wafanyavyo wengine, ni kukiharibu, kwa sababu maji yakikauka huondoka na mafuta ya ngozi.

Wenzetu walioko Ulaya na Marekani, wanaonunua mabuti ya ngozi kwa ajili ya kazi au theluji, wafuate utaratibu huo huo. Wavae soksi nene na kufunga kamba vizuri, ili kisigino kisicheze ndani. Kisigino kinachopanda na kushuka ndicho kinachotoa malengelenge. Na kama buti linabana vidole tangu dukani, liacheni huko huko. Ngozi hutanuka kidogo kwa upana, lakini kiatu kifupi hakirefuki.

Adui watatu

Adui wa kwanza wa ngozi ni joto. Mwezi Juni 2018 katika mji wa Quriyat, kusini ya Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Kiatu kilichoachwa ndani ya gari wakati kama huo hukauka na kupasuka, na soli iliyogandishwa kwa gundi hubanduka. Adui wa pili ni maji. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 na Shaheen cha Oktoba 2021 vilileta mafuriko makubwa Muscat, na viatu vingi viliharibika baadaye kwa kuanikwa juani. Kiatu kilicholowa kijazwe magazeti, kiwekwe kivulini penye upepo, na kikikauka kipakwe mafuta. Adui wa tatu ni jasho na chumvi. Usivae jozi moja siku mbili mfululizo. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kipige burashi, na usikifungie ndani ya mfuko wa plastiki, kwani kitaota ukungu.

Soli ya kushonwa ina faida nyingine: ikilika, fundi hutoa ya zamani na kushona mpya, na kiatu huendelea na maisha.

Kwa wenye kisukari

Maradhi haya yameenea sana katika nchi za Ghuba, na huku kwetu Afrika Mashariki yanaongezeka. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, na kidonda huchelewa kupona. Kwa hiyo mgonjwa asingoje maumivu ndiyo ajue kwamba kiatu kinamchubua. Anunue viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Apitishe mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na kila usiku aangalie nyayo na kati ya vidole, au amwombe mtu amwangalilie. Gidamu ya kupita kati ya vidole haimfai. Bora kiatu kilichofunikwa mbele, kipana na laini. Akiona kidonda, hata kiwe kidogo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzee wetu alirudi Unguja na viatu laini alivyoshauriwa na daktari. Makubadhi yale ya Matrah alimwachia mjukuu wake, kwa sharti kwamba wiki ya kwanza asitoke nayo nje ya mlango.