F84.0 na 6A02.2: Mtoto Mmoja, Vyeti Viwili

Msomaji wetu wa Mzinga, Morogoro, ana mtoto wa kiume wa miaka 6 na vyeti viwili vya hospitali. Cha kwanza kimeandikwa F84.0. Cha pili, alichopewa Dar es Salaam, kimeandikwa 6A02.2. Anauliza kama mwanawe ana maradhi mawili.

Hana. Misimbo yote miwili ni ya usonji. Wa kwanza umetoka katika toleo la 10 la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, wa pili katika toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Nchi zinahama toleo polepole, na madaktari nao hawahami siku moja.

 Mimi nakifuata kilicho kitamu, yaani hesabu. Usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya ubongo ya kuuthibitisha. Daktari humtazama mtoto, humhoji mlezi, kisha huzipima dalili kwa kanuni. Na kanuni zenyewe zina vituko.

Ingia kwa mama lishe. Mezani kuna safu tatu za masufuria, kila safu masufuria manne. Kila sufuria ni dalili moja: safu ya kwanza ni ya kuhusiana na watu, ya pili ya mawasiliano, ya tatu ya mambo ya kurudiarudia. Sheria ya kibanda: upakue vitu visivyopungua 6, angalau 2 kutoka safu ya kwanza na angalau 1 kutoka kila safu iliyobaki. Ukitimiza hayo, sahani yako inaitwa usonji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa DSM-IV ya mwaka 1994, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, na kanuni za kiutafiti za toleo la 10 zilifuata sheria hiyohiyo. Sasa shika kalamu: zinaweza kutoka sahani ngapi zisizofanana? Jibu ni 2,027! Tena, mteja mmoja akipakua masufuria mawili ya kushoto katika kila safu, na mwenzake mawili ya kulia, wote wawili wana sahani ya usonji na hawajagusa sufuria moja. Daktari aliyewahi kusema “hawa wawili hawafanani hata kidogo” alikuwa na haki yake. (Wingi wa sahani si wingi wa watoto, lakini tuendelee.)

Mwaka 2013 ikaja DSM-5 na meza ikapangwa upya. Safu mbili za kwanza zikaunganishwa, yakabaki masufuria 3, nayo yote ni lazima. Safu ya kurudiarudia ina masufuria 4, chagua angalau 2. Sahani zikashuka kutoka 2,027 hadi 11. Masufuria mengine yalihamishwa tu. Mtoto anayeambiwa “Hujambo?” akajibu “Hujambo?” kwa sauti ileile aliyoisikia, zamani dalili yake ilikuwa safu ya mawasiliano, leo iko safu ya kurudiarudia, pamoja na kupanga vifuniko vya soda mstari mmoja asubuhi hadi jioni. Toleo la 11 la Shirika la Afya Duniani halihesabu sahani kabisa, linaeleza sura ya jumla na kumwachia daktari uamuzi. Hapo ndipo husemwa “wigo wa usonji”. Kwangu wigo bado unanuka ua wa mbuzi, ila neno limeshika na sina la kulishinda.

Kanuni za zamani zilikuwa na mstari mwingine: dalili zianze kabla ya miaka 3. Mwaka 2006 watafiti wa Tanzania na Marekani walichapisha habari za watoto 20 wa Tanzania, 14 kati yao wakiwa wametimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri hadi miezi 22, 35 na 42, wakaugua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege, na walipopona wakawa na usonji. Wa miezi 35 aliuwahi mstari kwa mwezi mmoja. Wa miezi 42 alikuwa ameuvuka kwa miezi 6. Matoleo mapya yamefuta namba hiyo na kusema tu kwamba dalili huanza katika kipindi cha mapema cha ukuaji.

Kuna jambo ambalo kanuni zilizotungwa Marekani hazilioni vizuri, nalo ni macho. Kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho anapomwamkia mkubwa. Daktari mzuri hamwambii amtazame usoni. Humwita jina akiwa anacheza aone kama atageuka, na hutazama kama ananyoosha kidole kumwonyesha mama yake kitu cha kufurahisha.

Turudi Mzinga. F84.0 inasema usonji wa utotoni, basi. 6A02.2 inaongeza mambo mawili: mtoto hana ulemavu wa akili, ila lugha yake ya matumizi ni finyu, neno mojamoja au vifungu vifupi. Mama, tunza vyeti vyote viwili, lakini ukienda kumtafutia mafunzo ya kuzungumza au nafasi ya shule, tanguliza cha pili.