Barua, Umbali na Mtunzi wa Riwaya ya Mapenzi: Mtazamo kutoka Nyanda za Juu za Kigoma



Katika miaka ya mwisho ya 1960, nilipokuwa nikisoma shule ya msingi karibu na Kasulu, nilikuwa na kazi ambayo ujira wake ulikuwa ndizi mbivu na, mara mojamoja, yai la kuchemsha. Niliandika barua za watu wazima. Mama mmoja jirani yetu, ambaye mumewe alikwenda kukata mkonge Tanga kabla mimi sijaanza shule, alikuwa akija kila baada ya miezi kadhaa na karatasi na bahasha mkononi. Aliketi kwenye kigoda, akanena kwa Kiha, nami nikaandika kwa Kiswahili. Mwanzo wa barua niliujua kwa moyo, kwa sababu kila aliyepita shule za wakati ule aliujua: mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Siku moja nikazidisha. Nikaongeza, kwa hiari yangu mwenyewe, maneno "mpenzi wangu wa moyo". Aliponitaka nimsomee nilichoandika, nikasoma, nikamfasiria. Alinyamaza kitambo, kisha akaniamuru niyafute. "Mwambie paa linavuja upande wa kitanda," akasema. "Ataelewa."

Nimesoma na kufundisha riwaya za mapenzi kwa miaka mingi, na sijapata somo la utunzi lililonifaa zaidi ya lile. Ninachotaka kudai leo ni hiki: mtunzi wa riwaya ya mapenzi anayetoka Buha huanza kazi yake pale alipokwama yule mtoto mwandishi wa barua. Mapenzi ameyasikia katika lugha moja, na anayaandika katika lugha nyingine. Mengi tunayoyaona katika kazi yake, yaani ucheleweshaji wa matukio, kupenda mandhari ya mji wa mbali, hata maneno anayoyachagua na kuyakwepa, yanaeleweka vizuri zaidi tukianzia hapo.

Uhakiki wetu haukuitendea riwaya ya mapenzi haki. Tuliigawa riwaya ya Kiswahili mafungu mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na hadithi ya mapenzi tukaiweka katika fungu la pili bila kuisoma kwa makini. Marehemu Rajmund Ohly, katika kitabu chake Aggressive Prose cha mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa wachache walioichukulia nathari ya miaka ya 1970 kuwa jambo la kuchunguzwa kitaaluma. Wengi wetu tulibaki kulaumu. Nakiri kwamba hata mimi nilivisoma vitabu hivyo vikiwa vimefichwa ndani ya kitabu cha jiografia, na baadaye, nilipokuwa mwalimu, nikawanyang'anya wanafunzi wangu vitabu vya namna ileile.

Buha ni nchi ya vilima kati ya Ziwa Tanganyika na mpaka wa Burundi, na sehemu yake kubwa ipo juu ya meta 1,200. Kasulu ndiko kulikokuwa na utawala wa Heru, na Kibondo ndiko kulikokuwa na Muhambwe. Enzi ya ukoloni, wilaya hizi mbili zilikuwa kisima cha nguvukazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana mbali. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mwanamume wa Kiha aliweza kusafirishwa zaidi ya kilometa 1,200 kuelekea pwani, kisha mashambani kwenye mkonge, akaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na uandikishaji ukawa na utaratibu rasmi zaidi. Wanahistoria wa uchumi wamelieleza jambo hili vya kutosha. Kwa mwanafasihi, linalobaki ni kwamba kwa vizazi kadhaa ndoa nyingi za Buha ziliishi katika utengano wa mwaka mmoja, miaka miwili, wakati mwingine maisha yote. Anayengoja, anayekawia, habari inayofika imechelewa, fununu ya mke wa pili huko Korogwe au Muheza: mtunzi wa eneo hili hahitaji kuubuni msuko wa namna hiyo, maana ameukuta nyumbani.

Hapa ndipo mtu angetarajia kwamba riwaya za mapenzi zilizoandikwa na wana wa Kigoma zingejaa vilima na migomba. Mfano mkubwa tulio nao unatupeleka kwingine. Ben R. Mtobwa, mzaliwa wa mkoa huo, aliyeishi kati ya mwaka 1958 na 2008, anakumbukwa zaidi kwa hadithi za upelelezi za Joram Kiango. Hata hivyo, anayesoma Tutarudi na Roho Zetu? kwa makini ataona kwamba Joram peke yake asingeweza kukibeba kitabu hicho. Nuru, mwanamke anayeandamana naye, ndiye anayetufanya tuogope kwa ajili yake. Na katika Dar es Salaam Usiku, iliyotolewa na Heko mwaka 1990, mapenzi yamekuwa kiini chenyewe, na mahali pake ni jijini, usiku, kama jina linavyosema.

Kwa nini jiji? Jibu rahisi ni soko. Mitambo ya uchapaji, magazeti na wauzaji wa vitabu walikuwa Dar es Salaam. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mtu aliyekulia mahali ambapo jiji lilikuwa ndiko walikopotelea watu anaweza kulitazama kwa jicho ambalo mzaliwa wa Kariakoo hana. Analitazama kama yule mama wa Kasulu alivyolitazama: jitu linalomeza waume. Naona umbali wa barua umegeuzwa. Safari hii mtunzi ameketi upande wa pili, pale barua zinapofikia, na anatueleza kwa nini majibu hayaji. Huu ni usomaji wangu, na sidai kwamba Mtobwa aliukusudia.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe ya kuandika. Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, karatasi ikawa adimu, na mashirika ya umma ya uchapishaji yakatanguliza vitabu vya shule. Wasomaji, kwa upande wao, walikuwa wameongezeka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa takwimu za serikali idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Wasomaji wapya walikuwa na njaa ya kusoma, na waliyopewa yalihusu mbolea na usafi wa vyoo. Watunzi vijana wakaamua kujichapishia. Mtobwa alikuwa na Heko. Kajubi Mukajanga, mtunzi wa Mpenzi na Kitanda cha Mauti, alikuwa na Grand Arts Promotions.

Mtunzi anayelipia karatasi yake mwenyewe huandika kwa namna tofauti. Anajua kurasa zake zitagharimu kiasi gani kabla hajajua mwisho wa hadithi. Sura zinakuwa fupi, maelezo ya mandhari yanapunguzwa, mazungumzo yanaongezwa. Wahakiki tuliuita ufupi huo uchanga wa fani. Nadhani tungefanya vyema kuuliza bei ya rimu ya karatasi kwanza.

Hadithi ya mfululizo gazetini nayo ilimfundisha mtunzi mambo yake. Neno "Itaendelea" lililowekwa mwishoni mwa safu ni chombo kikali. Mtunzi hana budi kuikata hadithi pale ambapo msomaji ataona uchungu kuiacha, na katika hadithi ya mapenzi mahali hapo ni nadra kuwa busu. Aghalabu ni mlango unaogongwa, bahasha isiyofunguliwa, jina linalotajwa na mtu asiyepaswa kulijua. Anapokuja kuzikusanya sehemu zile ziwe kitabu, kazi ya pili inaanza, na ni kazi isiyosifiwa na mtu: kuondoa muhtasari uliokuwa ukifungua kila sehemu, kupunguza taharuki zilizorundikana, kumrudishia jina lake mhusika aliyebadilika jina katikati ya mfululizo. Wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti na walinganishe toleo la gazetini na toleo la kitabu la hadithi ileile. Watamwona mtunzi akiwa kazini kuliko mahojiano yoyote yanavyoweza kumwonyesha.

Narudi kwenye maneno. Katika Kiha, kama katika Kirundi na Kinyarwanda, shina -kund- linabeba mzigo wote: mume, mtoto, Mungu, hata chakula. Kitenzi "penda" cha Kiswahili kinafanana nalo. Tofauti inajitokeza katika nomino. Kiswahili kina upendo, neno ambalo kwa matumizi limekaa zaidi kanisani na katika familia. Kina mapenzi, ambalo ni la wapenzi, ingawa mapenzi ya Mungu ni matakwa yake. Kina mahaba, huba na ashiki, yaliyotoka Kiarabu na kulelewa na washairi wa pwani. Mtunzi wa Kibondo anapoandika "mahaba" anaazima pamoja nalo baraza, udi na asmini. Mhusika wake aliyetoka kupalilia maharage akitamka neno hilo, msomaji wa Kibondo anacheka pale asipotakiwa kucheka.

Wapo watunzi wanaolitatua tatizo hili kwa kuwahamisha wahusika wao wote mjini. Wapo wanaowaacha kijijini lakini wakawavisha lugha ya Dar es Salaam, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika miswada ya vijana. Njia ya tatu ni ngumu: kumwacha mhusika aseme juu ya paa. Njia hiyo inadai mtunzi aandae mapema, labda kurasa thelathini nyuma, ili paa linapovuja msomaji awe anajua kitanda ni cha nani na nani hayupo kitandani. Mapenzi yasiyotamkwa yanakula kurasa, na kurasa, kama nilivyosema, ni fedha.

Kuna malighafi nyingine ambayo bado haijaguswa vya kutosha. Kuanzia mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, wakimbizi wa Burundi walimiminika Kibondo na Kasulu, na kuanzia mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikapokea Wakongo. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mkongo naye alikuja na Kiswahili chake, ambamo "mapendo" husimama mahali ambapo sisi husema mapenzi. Sokoni watu wa lugha hizi walikutana, wakauziana muhogo, na wengine wakapendana, huku sheria ikimtaka mmoja wao asitoke kambini bila kibali. Hapo umbali haukuwa kilometa 1,200. Ulikuwa kizuizi cha barabarani. Mtunzi atakayeandika hadithi hiyo atalazimika kuamua kama mpenzi wa Kikongo aseme "mapendo" kitabuni, na kama mhariri wake wa Dar es Salaam ataliacha neno hilo au atalisahihisha.

Maisha ya kila siku ya mtunzi anayebaki vilimani nayapitia kwa haraka. Aghalabu ni mwalimu. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea jenereta za dizeli, na nje ya miji hiyo mtu aliandika kwa kibatari, kwenye daftari la mistari, baada ya kusahihisha madaftari ya wengine. Siku hizi wengine huandika kwenye simu na kuwatumia wasomaji moja kwa moja. Kinachomsumbua zaidi, kwa ninavyosikia, ni majirani. Akimwandika mwanamke aliyeachwa, kila aliyeachwa katika kata hujiona. Ndiyo maana wengi hubadili jina la kijiji, wengine hubadili jina lao wenyewe.

Kwa kuwa nimemtumia yule mama kama shahidi wangu, haki inanidai nitaje na ushahidi unaonipinga. Jibu la mumewe lilifika baada ya miezi mitano, pamoja na fedha za bati. Mwandiko haukuwa wake. Huko kambini nako kulikuwa na mwandishi wa watu wazima, pengine mtoto kama mimi. Barua ilianza kwa maneno "mke wangu mpenzi wa moyo". Nilisita, nikayaruka, nikaanza na habari za bati. Mama akaniuliza ile mistari ya juu inasema nini. Nikamsomea, nikamfasiria. Akaniambia nisome tena, na safari hii nisifasiri.