Vijumba vya jibini vyafufuliwa milimani Ufaransa

UKIPANDA milima ya Cantal na Aubrac nchini Ufaransa, utaviona vijumba vya mawe vilivyochimbiwa nusu ubavuni mwa mlima, paa nalo la mawe bapa. Wenyeji huviita buron.

Zamani ng'ombe walipopandishwa malishoni, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba, wanaume wachache walihamia humo kukamua na kutengeneza jibini. Mke na watoto wadogo walibaki bondeni. Mvulana wa kuchunga ndama naye alipanda, na kazi yake haikuwa mchezo: ng'ombe wa Salers hashushi maziwa mpaka ndama wake aanze kunyonya. Walilala darini. Chini kulikuwa na moto, na nyuma ghala la baridi lililozama ardhini, ambamo jibini la takriban kilo 40 liliiva taratibu.

Siku hizi maziwa mengi huteremshwa kwa lori. Huko Laguiole, ushirika wa Jeune Montagne, ulioanzishwa mwaka 1960, uliokoa jibini la eneo hilo, lakini kazi ilihamia kiwandani.

Paa ndilo huanza kufa. Jiwe moja likiteleza, maji huozesha mbao, kisha hupenya ukutani na kuosha udongo ulioshika mawe. Ndiyo maana mafundi huanzia juu: hushusha mawe yote, hubadili mbao, kisha huyapanga upya, makubwa ukingoni na madogo kileleni.

Vikishapona, vingine huwa migahawa ya aligot, yaani viazi vilivyopondwa na jibini changa. Ni afadhali kuliko gofu, ila mgahawa hutaka madirisha makubwa, na ghala lile lilipendwa kwa giza lake.

Jibini la Salers bado hutengenezwa shambani kwa maziwa mabichi, ndani ya pipa la mbao liitwalo gerle. Watafiti walipolichunguza pipa hilo walikuta utando wa bakteria wanaogandisha maziwa, wale wale wanaowabana vijidudu wa maradhi.

Hata hivyo, mama asiache kuchemsha maziwa kwa kusikia hayo. Ufaransa kwenyewe, mamlaka za afya zinashauri wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wasile jibini la maziwa mabichi, isipokuwa lile gumu lililopikwa, kama Comté.