Skrini ya Halali na Skrini ya Haramu

Katika mpira wa kikapu, mchezaji asiye na mpira aweza kumfaa mwenzake pasipo kunyoosha hata mkono, kwa kusimama tu mahali ambapo mlinzi wa timu ya pili alikusudia kupita. Na ufundi huo, ambao wachezaji wetu huuita skrini, hutumiwa na wengi ilhali wanaoujua mpaka wake baina ya halali na haramu ni wachache. Mkulima wa mpunga wa bonde la Kilombero atauelewa upesi, kwani tuta la jaruba haliyakimbilii maji, bali hukaa pale pale, na maji ndiyo yanayolazimika kugeuka.

Sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zamtaka mwenye kuweka skrini awe ametulia, na miguu yake yote miwili iwe chini, wakati miili inapogusana. Fauka ya hayo, sharti abaki ndani ya nafasi iliyo yake, ambayo mbele hukomea kwenye viganja vya mikono iliyokunjwa, nyuma kwenye makalio, na ubavuni kwenye ukingo wa nje wa mikono na miguu. Basi kiwiko kilichotanuliwa, au nyonga iliyosukumwa ili kumnasa mlinzi aliyekwisha kuponyoka, ni madhambi, hata kama nyayo hazikusogea. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili, na timu ya Memphis Grizzlies, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009, ana kimo kinachozidi mita 2, lakini kimo hicho hakimpi ruhusa ya kutanua viwiko ambayo mchezaji mfupi hana.

Baada ya utulivu huja masafa. Ikiwa mlinzi amesimama na skrini yawekwa mbele yake au ubavuni, anapoweza kuiona, mwekaji aweza kumkaribia apendavyo maadamu hamgusi; ikiwa yawekwa nyuma yake, sharti amwachie nafasi ya hatua moja ya kawaida; na ikiwa mlinzi yumo mbioni, apewe nafasi ya kusimama au kubadili njia, isiyopungua hatua moja wala kuzidi mbili. Hekima ya masharti haya ni insafu, kwa kuwa asiyeona hawezi kujihadhari, na akimbiaye hawezi kusimama papo hapo. Yakishatimizwa yote, lawama humgeukia mlinzi aliyejigonga.

Hata hivyo, aghalabu kosa huanzia kwa mwenye mpira, ambaye kwa pupa huondoka kabla mwenzake hajatulia, na mwenzake, kwa kutaka kumsaidia, humfuata mlinzi huku akitembea. Dawa yake ni subira: mwenye mpira angoje mpaka aione miguu ya mwenzake imeshika ardhi, kisha apite karibu naye, bega kwa bega, asiache upenyo. Mwekaji naye, hasa katika uwanja wa udongo unaoteleza baada ya mvua, afike mapema, atanue miguu kwa kadiri ya mabega, akunje mikono kifuani, wala asigeuke kukimbilia kikapu kabla mlinzi hajanaswa.

Hasara ya skrini haramu si ndogo: mpira hupewa mahasimu, na mwenye kosa huandikiwa faulo, ambayo ikifika ya 5 humtoa mchezoni, tofauti na ligi ya NBA anayoitazama kijana kwenye simu, ambako hutolewa kwa ya 6. Tangu James Naismith alipoandika kanuni 13 za mchezo huu huko Springfield, Marekani, mwaka 1891, kupiga kikumbo, kushika na kusukuma kulikatazwa. Kwa hiyo nawasihi walimu wa michezo wa Ifakara na bonde zima wapulize filimbi hata siku za mazoezi kila skrini inapotembea, ili vijana wetu wasijifunze halali kwa kuadhibiwa siku ya mashindano.