Wimbo wa "Malaika" Unatuambia Nini?



Wimbo wa "Malaika" sote twaujua. Fadhili William aliurekodi miaka ya 1960, na Miriam Makeba akauvumisha duniani. Arusini tunaucheza. Lakini je, tunausikiliza?

Neno lenyewe limetoka kwenye dini. Kwa Wakristo na Waislamu, malaika ni mjumbe wa Mungu. Kijana akimwita mchumba wake hivyo, si kwamba anamwabudu. Anasema huyu ni wa heshima, si wa kuchezewa. Hiyo ni maana ya kwanza. Ya pili imejificha chini yake: kijana hana mali ya kuolea, basi ndoa hakuna. Wimbo mtamu, kumbe ni kilio.

Kilio hicho kiko hapa kwetu, Likoni hadi Changamwe. Kuna wenzetu wanaoishi pamoja miaka na miaka bila sakramenti ya ndoa, sababu mahari haijaisha.

Mkikutana, jadilianeni: Mahari yetu ni shukrani au ni bei? Mfuko wetu wa kuweka na kukopa waweza kumsaidia kijana? Wazazi nao waitwe, wasikilizwe. Malaika huleta habari njema, tusimgeuze deni.