Kifyatulio Kipya cha Bunduki ya Kuwindia: Usianze na Gramu

Baridi ya Juni ikishaingia Randburg, wawindaji wengi wa upande huo wa Johannesburg hujiandaa kwenda Limpopo: Thabazimbi, Vaalwater, Lephalale. Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, huenda akashangaa. Lakini Afrika Kusini sheria ya mwaka 1991 inamtambua mwenye shamba lililozungushiwa uzio wa kutosha kuwa mmiliki wa wanyama waliomo, na tandala mmoja huipatia familia nyama na biltong (nyama iliyokaushwa) ya miezi mingi. Ndiyo maana msimu unapokaribia, watu huzitazama upya bunduki zao, na wengi hutaka kubadilisha kifyatulio. Swali lao la kwanza huwa: kinavutwa kwa gramu ngapi? Kwa maoni yangu, hilo lilistahili kuwa swali la mwisho.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe. Bunduki ikishakokiwa, springi yenye nguvu inaisukuma pini ya kupigia ikagonge fataki ya risasi. Kinachoizuia ni ukingo mdogo wa chuma ulioegemea ukingo mwingine. Ukivuta kifyatulio, unauondoa ukingo mmoja mbele ya mwenzake, na bunduki inalia. Kingo hizo zikigusana kwa eneo kubwa na kuwa na mikwaruzo, kifyatulio hujikokota: unavuta, kinasogea, kinakwama, kinasogea tena, nawe hujui kitaachia lini. Zikigusana kwa eneo dogo mno, kinaachia kwa urahisi, ila mtikisiko nao unaweza kuziachanisha. Kila fundi anayetengeneza kifyatulio anatafuta mahali pake kati ya hatari hizo mbili.

Uzito una maana yake. Bunduki yenye darubini ina takriban kilo 4, na kifyatulio kinachodai kilo 3 hukulazimisha kukaza mkono mzima, mtutu ukahama kabla risasi haijatoka. Hata hivyo, kifyatulio cha kilo 1.5 kinachokatika ghafla kama njiti ya kiberiti kitakupa shabaha nzuri kuliko cha gramu 900 kinachojikokota. Halafu kuna mazingira. Alfajiri ya Juni vidole vimekufa ganzi, pengine vimo ndani ya glavu, na moyo unadunda kwa sababu choroa amesimama mita 150 mbele yako. Kidole cha namna hiyo hakihisi gramu 500. Kitalipua risasi kabla hujaamua. Kwa swala na wanyama wa aina yao, kilo 1.2 hadi 1.5 zinatosha kabisa. Kwa nyati ningeongeza. Chini ya kilo moja tuwaachie walenga shabaha wa kiwanjani.

Kabla hujatoa hela, hakikisha tatizo ni kifyatulio. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda na kushika vumbi. Mpe fundi akisafishe, kisha ukijaribu tena. Mwenye bunduki ya CZ 550 anacho tayari kifyatulio kinachosukumwa mbele ili kiwe chepesi kwa risasi hiyo moja, na mwenye Howa 1500 ya miaka ya karibuni ana cha hatua mbili kinachowaridhisha wengi.

Mwenye Mauser ndiye mwenye uamuzi mgumu zaidi, na Afrika Kusini ina Mauser nyingi. Serikali ya Rais Paul Kruger wa Transvaal iliagiza maelfu ya Mauser za 7x57 kabla ya vita vya Makaburu na Waingereza vya 1899, kisha zikafuata bunduki za kuwindia zilizojengwa juu ya Mauser 98. Mfumo wa zile za Kruger si ule wa 98, na Timney, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1946, huuza kifyatulio tofauti kwa kila mfumo. Ukiagiza kwa kusema “Mauser” tu, unaweza kuletewa kisichoingia.

Uzito wa jambo lenyewe uko kwenye sefti. Bawa la usalama la Mauser 98 huikamata pini ya kupigia yenyewe. Hata kifyatulio kikiharibika, pini haiendi. Lakini ukifunga darubini chini, bawa linagonga darubini na halinyanyuki. Hapo watu hununua kifyatulio chenye sefti ya pembeni, ambayo kwa kawaida hufunga kifyatulio tu na kuiacha pini huru. Wanapata wepesi na kupoteza kinga bora ya bunduki ile. Mimi ningelipa zaidi fundi aweke bawa fupi linalopita chini ya darubini, kisha nichague kifyatulio kisicho na sefti yake.

Anayeona huu ni woga asome habari ya Remington 700, bunduki ya Marekani iliyoingia sokoni mwaka 1962. Kifyatulio chake cha awali kilikuwa na kipande cha ziada kati ya kingo. Wakosoaji walieleza kwamba uchafu ukiingia, kipande hicho kinaweza kukosa kurudi mahali pake, na bunduki ikalia sefti inapofunguliwa. Mwaka 2000 huko Montana, Gus Barber, mtoto wa miaka 9, aliuawa na bunduki iliyolia mama yake alipofungua sefti. Kampuni ilikana kwamba muundo huo ulikuwa na kasoro, lakini kesi ziliendelea kwa miaka. Hata kifyatulio kilichochukua nafasi yake mwaka 2006 kilirudishwa kiwandani mwaka 2014, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kukiunganisha ingeweza kukifanya kiachie chenyewe.

Kwa hiyo, kifyatulio kipya kikishafungwa, kijaribu bunduki ikiwa tupu, na chemba uihakikishe kwa jicho na kwa kidole. Koki, kisha gonga kitako kwenye zulia. Funga bolti kwa nguvu mara kadhaa. Weka sefti, vuta kifyatulio, kiachie, kisha fungua sefti. Pini ikidondoka hata mara moja, bunduki hiyo isiende porini.

Na usikifunge mwenyewe jikoni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto ya Afrika Kusini, namba 60 ya mwaka 2000, imeweka leseni maalumu ya ufundi bunduki. Mtafute mwenye leseni hiyo, umwambie unawinda nini na wapi, na umwombe akupimie kifyatulio kwa mizani mbele yako kabla hujalipa.